Pampu Iliyokufa kwa Njaa

Fundi wa kusuka mota pale Gerezani, Dar es Salaam, aliigeuza pampu yangu, akamulika kwa tochi ya simu koili zilizokuwa na rangi ya buni iliyopitiliza kikaangoni, akanusa. Naam, alinusa, kama mtu anayenunua samaki saa kumi na moja jioni.

"Bosi, hii si ndiyo ile ya mwezi wa tatu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Nitakusukia tena, kazi yangu hiyo. Lakini utarudi. Hii haijauawa na umeme mkubwa. Imekufa kwa njaa."

Nilicheka. Nikaacha kianzio, nikapanda gari la Kivule. Tulipofika Tazara nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Kila kifaa kikiungua nyumbani kwangu, mshitakiwa huwa yuko tayari: umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaua. Nadhani hata kwako ni hivyo. Sikuwahi kuuliza swali la pili. Sasa huyu mzee ananiambia njaa. Pampu inalalaje njaa na LUKU ina uniti 80?

Swali hilo lilinikaa kooni wiki saba.

## Taa inayokonyeza

Kiwanja chetu ni chembamba na kirefu. Mbele, karibu na nguzo, ndiko tulikoanzia maisha: chumba, sebule, choo. LUKU ikafungwa pale. Baadaye tukajenga nyumba kubwa kule nyuma, tukahamia, ile ya mbele tukampangisha kijana mmoja fundi cherehani. Umeme wa nyumba kubwa unatoka pale pale kwenye LUKU, unapita ardhini ndani ya bomba la plastiki, chini ya mlimao, hadi kwenye bodi ya breka ukutani mwa jiko.

Mita 48. Nimezipima kwa kamba ya fundi ujenzi.

Sebuleni tuna taa moja ya vioo vinavyoning'inia, yenye balbu za kizamani zenye uzi ndani, kwa kuwa mke wangu anapenda mwanga wake wa njano. Pampu ikiwaka, taa ile inafifia kidogo, halafu inarudi. Wageni hushtuka. Binti yetu mdogo husema, "Maji yanapanda," na kuendelea na katuni zake.

Taa nyingine zote ni LED, na LED nzuri huvumilia umeme mdogo bila kubadilisha uso. Kwa hiyo kwa miaka minne nyumba nzima ilikuwa na shahidi mmoja tu mkweli, na sisi tulimchukulia kama pambo lenye kasoro.

## Breka ya 63

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mzee wa Gerezani kwa sababu wakati ule sikujua kwamba linahusiana.

Mwaka jana breka kuu ya nyumba ilianza kushuka jioni. Hita ya bafuni ikiwashwa, jagi la umeme na jiko la presha vikiwa jikoni, pampu ikipandisha maji na mtu akipiga pasi, tap! Giza. Tukaita fundi. Hakuchukua dakika kumi: akatoa breka ya ampea 40, akaweka ya 63. "Hii haitakusumbua," akasema, na kweli haikutusumbua. Nilimpa na nauli juu.

Leo nikiikumbuka ile nauli nasikia baridi.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja fundi, amesoma VETA, ana leseni ya EWURA, nilielekezwa kwake na jirani. Alifungua bodi, akaiangalia breka, akauangalia waya unaoingia, akaiangalia tena breka. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, hii breka inalinda nini?"

Nikajibu kama ambavyo ningejibu siku zote: inalinda vifaa, friji, tivii, sisi wenyewe.

"Inalinda waya," akasema. "Huu hapa. Ukitaka kukumbuka: mzigo usizidi breka, na breka isizidi waya. Hapa mmeongeza mzigo, mkaongeza breka, waya ni ule ule."

Halafu akaniongezea jambo ambalo sikulijua kabisa. Breka ya 40 haishuki pale tu umeme unapofika ampea 41. Kwa viwango vya utengenezaji, inatakiwa ivumilie ampea 45 kwa saa nzima bila kushuka, na ni kwenye 58 ndipo inapolazimika kushuka ndani ya saa moja. Sasa piga hesabu hiyo kwa 63: inaweza kukaa kimya kwenye ampea 71 kwa saa nzima, wakati waya wa 6 (yaani milimita 6 za mraba za shaba, kama huu wetu) ndani ya bomba, kwenye majedwali ya Uingereza ambayo mafundi wetu wengi wamefundishiwa, unapewa ampea 41. Na hizo 41 ni kwa nyuzi joto 30. Kwa joto la Dar mwezi wa pili unapunguza tena.

Kuna na shoti. Breka ya 63 ya aina C inahitaji ampea kati ya 315 na 630 ili ishuke papo hapo. Waya mwembamba ukiwa mrefu unabana hata umeme wa shoti wenyewe. Yaani shoti inaweza kutokea huku nyuma, breka ikasitasita, na muda wote huo waya unapikika.

Siku ile ile alirudisha ya 40. Tukarudi kwenye zamu za kuoga na kupiga pasi, kama bweni la shule.

## Maswali mawili, si moja

Nilikuwa nadhani kuchagua waya wa kuingiza umeme ni swali moja: je, utaungua au hautaungua? Watu wa madukani nao hulijibu hivyo hivyo. Unamwambia nyumba ya vyumba vitatu, anakwambia chukua 6, au chukua 10. Haulizi umbali.

Lakini yapo mawili. La kwanza ni la joto: waya unabeba ampea ngapi bila kupitisha nyuzi 70, ambazo ndizo mwisho wa plastiki ya kawaida. La pili ni la njia: kati ya volti zinazoondoka kwenye LUKU, ngapi zinafika? Nyumba ikiwa mita 8 kutoka kwenye LUKU, swali la kwanza ndilo linaamua na la pili unaweza kulisahau. Ikiwa mita 48, la pili ndilo bwana.

Hesabu yake ni nyepesi hata nikaona aibu. Kila unene una namba yake ya milivolti zinazopotea kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi: waya wa shaba wa 4 ni 11, wa 6 ni 7.3, wa 10 ni 4.4, wa 16 ni 2.8. Zidisha kwa ampea, zidisha kwa mita, gawa kwa 1,000. Umemaliza. Kanuni hizo za Uingereza zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa vitu vingine, yaani kama volti 7 na volti 11 na nusu kati ya 230.

Na hapo ndipo njaa ya mzee wa Gerezani ilipopata maana. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inaenda na mraba wa volteji. Ikipata volti 200 badala ya 230, haipungukiwi asilimia 13, inabaki na kama robo tatu tu ya nguvu zake. Inaanza kwa kujikongoja. Koili ya kuwashia, ambayo ilitakiwa ifanye kazi kwa kitambo kidogo tu, inakaa ndani muda mrefu, inakaangika. Kila siku kidogo. Miezi mitano baadaye unapanda gari la Gerezani.

## Volti nne na ushee

Jumamosi moja saa moja na nusu usiku tulifanya kitu ambacho majirani walidhani ni ugomvi wa kifamilia. Binti fundi alikaa kwenye bodi na klempu mita, kile kipimo cha ampea kinachobana waya. Mke wangu alikaa sebuleni na malti-mita ya kusoma volti kwenye soketi. Mimi nilikuwa kwa mpangaji mbele, kwenye soketi iliyo karibu na LUKU, na malti-mita ya kuazima. Tulikuwa kwenye simu, tunapiga kelele. Hita iwashwe! Jagi! Pasi!

(Awali, kabla fundi hajafika, nilijaribu klempu mwenyewe. Nikaizungushia kebo nzima, ikaniambia sifuri. Nikataka kuirudisha dukani. Inatakiwa ishike waya mmoja tu. Ukishika wa kwenda na wa kurudi vinafutana. Niliambiwa hivyo na mtu aliyejitahidi sana asinicheke.)

Ampea 36. Kwangu volti 218. Kwa mke wangu 201.

Kumi na saba zimepotea njiani.

Nilikuwa na daftari. 7.3 mara 36 mara 48: volti 12.6. Nikarudia. 12.6. Tukarudia vipimo: 17. Tukasubiri dakika kumi, tukapima tena: 17.

Zile nne na ushee zilinisumbua kuliko zile kumi na mbili. Kumi na mbili zilikuwa na maelezo. Hizi hazikuwa nayo. Sikulala vizuri wiki ile, na mke wangu ni shahidi, nilimwamsha saa nane usiku kumuuliza kama aliisoma vizuri ile namba. Jibu alilonipa siliandiki hapa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kiungo. Chini ya mlimao palikuwa na kisanduku, waya ulikuwa umeungwa humo. Kiungo kilicholegea hula volti na kutoa joto, kila fundi anajua. Tulizima, tukafukua, tukafungua tukiwa na uhakika kwamba tumemkamata. Kiungo kilikuwa safi. Skrubu zimekazwa, shaba inang'aa, hakuna hata dalili ya kuungua. Fundi aliyekifunga alikuwa fundi kweli.

Binti akakata kipande cha waya, akamenya, akachomoa uzi mmoja kati ya zile saba, akatoa kalipa, kipimo cha unene, mfukoni.

"Sifuri nukta tisa," akasema.

Waya wa 6 wenye nyuzi saba, kila uzi unatakiwa uwe na kipenyo cha kama milimita 1.04. Fanya: 0.9 mara 0.9 mara 3.14, gawa kwa 4, zidisha kwa 7. Unapata 4.45. Juu ya plastiki imeandikwa 6, kwa herufi nzuri tu. Nje ukiushika ni mnene kama wenzake, sababu plastiki wameinenepesha.

Nikaingiza 4.45 kwenye hesabu. Volti 17.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kugundua kwamba nimeibiwa.

## Risiti

Miaka minne nimekuwa nikisema kijiweni, bila kuombwa, kwamba fundi aliyetufungia umeme wa nyumba kubwa "alilipua". Nilisema hivyo taa ilipokonyeza, nikasema breka iliposhuka, nikasema pampu ya kwanza ilipokufa. Siku tatu baada ya kalipa nilikuwa na mtu mpya wa kumsema: mwenye duka. Nikaenda kutafuta risiti ili niende nayo.

Risiti niliipata ndani ya faili la ujenzi. Imebanwa pini na orodha ya vifaa ya fundi yule, kwa mkono wake, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kalamu ya risasi. Mstari wa nne: *waya 16 mm, mita 50 x 2.*

Ile 16 imekatwa kwa kalamu ya bluu. Pembeni imeandikwa 6.

Mwandiko wa bluu ni wangu.

Nilikaa chini pale pale, kwenye mazulia ya stoo. Nikakumbuka kila kitu, hata shati nililovaa. Tofauti ya bei ilikuwa zaidi ya laki tatu. Fundi alisema, "Bosi, ni mbali pale." Nilimjibu kwamba kwa shemeji yangu wametumia 6 na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Ni kweli wametumia 6. LUKU ya shemeji iko ukutani mwa nyumba yenyewe.

Na risiti ya pili kwenye pini ile ile, tarehe ile ile, ni ya taa ya sebuleni.

Sina la kusema kuhusu hilo zaidi ya kwamba vigae na taa huonekana, waya unafukiwa, na siku ya kumaliza nyumba mfuko unajua kipi ni kipi. Nyumba nayo iliendelea kuzaa: hita haikuwepo siku ile, pampu haikuwepo, jiko la presha la umeme halikuwepo. Ningepigiwa hesabu ya siku ile, waya wa 6 wa kweli ungetosha. Hiyo ndiyo inayoniumiza, kwamba sikuwa mjinga kabisa.

Dukani sikwenda. Ningeanzaje?

## Kumi au kumi na sita

Ungedhani baada ya hayo uamuzi ungekuwa mwepesi. Ulinichukua wiki mbili.

Waya wa 10 wa kweli, kwa ampea 36 na mita 48, unapoteza volti 7.6. Ni asilimia 3.3. Unabeba joto la breka ya 40 bila shida. Kwa hiyo 10 unafaa, ukiacha taa zinazopita kikomo chao kidogo sana. Wa 16 unapoteza 4.8. Nikajiuliza mbona nisipande hadi 25, niwe mfalme? Unapoteza 3. Kutoka huu wangu wa uongo hadi 16 naokoa volti 12. Kutoka 16 hadi 25 naokoa chini ya 2. Hapo unalipa shaba kwa ajili ya sifa.

Nikafikiria aluminiamu. Ya 25 inakaribiana sana na shaba ya 16 kwa ukinzani, na ni nafuu. Binti hakuikataa, alisema tu kwamba inataka viungo vya aina yake na mkono unaoijua, kwa sababu aluminiamu huota utando juu na hulegea kwenye skrubu. Nikawaza fundi atakayefungua bodi ile miaka sita ijayo nikiwa sipo. Nikaiacha.

Kisha nikajaribu kujishawishi kwa hesabu ya pesa. Waya ule wa zamani ulikuwa unatoa joto la kama wati 600 jioni, yaani pasi iliyozikwa uani. Nilitarajia hesabu ya LUKU initoe machozi. Kwa saa moja kwa siku ni uniti 0.6, na uniti ni Sh 356 ukijumlisha kodi. Sh 6,400 kwa mwezi. Si kitu cha kuchimbia mtaro. Anayekuuzia waya mnene kwa hoja ya kuokoa umeme peke yake, mwombe kalamu mpige hesabu pamoja.

Waliomaliza ubishi ni wawili. Mke wangu aliuliza kama jiko la umeme la sahani mbili litaingia kwenye hesabu yangu, kwa sababu mkaa hautaki tena. Serikali yenyewe imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Kwangu lengo hilo lilikuwa limeshafika jikoni na linadai ampea. Na mchimba mtaro, nilipomuuliza bei, alisema mita ni mita. Wa 10 au wa 16, shimo ni lile lile.

Tukachukua 16, kebo ya ardhini yenye ngao ya nyuzi za chuma. Dukani, safari hii nikiwa na kalipa ya kuazima, nilikatiwa kichwa cha kebo nipime: uzi wa shaba 1.7, ziko saba. Muuzaji aliniangalia kama ofisa wa kodi. Kulikuwa na mteja pembeni akinunua rola la waya wa 10, nikamnong'oneza aupandishe kwenye mizani ya misumari: shaba ya mita 100 za waya wa 10 peke yake ni karibu kilo 9, kabla ya plastiki. Akaniuliza kama mimi ni fundi.

## Jioni

Jumamosi ile ile ya kufukia, saa moja na nusu, tulirudia kelele zetu. Hita, jagi, pasi. Kwangu 216. Kwa mke wangu 211. Breka ni 40, na itabaki 40 hadi siku jiko la sahani mbili litakapofika, ndipo tutakaa upya na daftari.

Usiku ule nilitafuta namba ya fundi wa kwanza kwenye simu ya zamani. Nilidhani amebadilisha laini. Akapokea kwenye mlio wa pili, nyuma kuna kelele za nyundo. Nilijitambulisha, nikaanza maelezo marefu ya risiti, kalamu ya bluu, kijiwe. Akanikatisha.

"Bosi wa Kivule, mwenye mlimao?"

"Huyo huyo."

"Umeweka kumi na sita?"

"Nimeweka."

"Breka?"

"Arobaini."

Akakaa kimya kidogo, nyundo zikiendelea.

"Haya. Washa pampu nisikie."